Kufufua Dynaco Stereo 70: ilivyobuniwa na jinsi ya kuirudisha kazini

Dynaco Stereo 70 ni amplifaya ya valvu, yaani mashine inayokuza sauti ya kwenda kwenye spika kwa kutumia vioo vyenye filamenti inayowaka. Ilitoka mwaka 1959 huko Philadelphia, Marekani, na wengi waliinunua kama furushi la vipuri ambalo mtu alikwenda kuliunganisha mwenyewe nyumbani. Ndiyo maana kila moja utakayoifungua leo ina mkono wake: nyingine lehemu yake ni safi kama ya kiwandani, nyingine ina matone baridi ya risasi yasiyoshika waya. Hilo lisikukatishe tamaa. Ndani ya mashine hii kuna vitu vinne tu ambavyo ni ghali na vigumu kupata, na vyote ni vyuma: transfoma ya umeme PA-060, transfoma mbili za sauti A-470, na choki C-354 (koili ya kulainisha umeme). Vikiwa vizima hivyo, amplifaya ni nzima hata kama chasisi imeliwa na kutu. Kilichobaki chote ni vipuri vya kubadilisha, na kazi yote ya kuifufua ina lengo moja: vyuma hivyo visiungue.

Kabla ya kugusa chochote, jua kwamba ndani kuna takriban volti 435 za DC. Umeme huo unaua. Hakuna rezista ya kumwaga chaji ya kapasita kubwa. Kwa kawaida valvu kubwa za mwisho, EL34, zikiwa moto huimaliza, lakini ukiwa umezing'oa valvu, chaji inaweza kukaa humo muda mrefu baada ya kuchomoa plagi. Chukua rezista ya ohmu 10,000 ya wati 5, iunganishe waya wenye klipu zilizofunikwa, shika chasisi kwa klipu moja na kila mguu wa kapasita kubwa kwa nyingine, hesabu hadi kumi, kisha hakikisha kwa mita. Usitumie bisibisi kupiga shoti. Cheche ile inakula miguu ya kapasita na inaweza kukurushia risasi machoni.

Kwa nini vipuri ni vichache hivi

Ukiielewa sakiti, nusu ya matatizo utayatambua kwa macho. Mwaka 1947 D.T.N. Williamson wa Uingereza alichapisha amplifaya iliyokuwa kipimo cha wengine wote: wati 15, mrejesho wa desibeli 20 (sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa mwanzoni ili kusahihisha makosa), upotoshaji mdogo sana. Ila kati ya kigawa fezi (sehemu inayogawa sauti kuwa mbili zenye pande tofauti) na valvu za mwisho aliweka hatua moja ya ziada, kwa hiyo sauti ilipita kwenye kapasita mara mbili kabla ya kufika kwenye transfoma. Kila kapasita husogeza kidogo fezi ya mawimbi ya besi, yaani wakati wa kupanda na kushuka kwake, na transfoma nayo huisogeza. Misogeo hiyo ikijumlishwa ndani ya mzunguko wa mrejesho, amplifaya huanza kuyumba yenyewe chini kabisa, mahali ambapo sikio halisikii lakini spika zinaonekana zikipumua.

David Hafler na Ed Laurent wa Dynaco waliiondoa hatua hiyo. Kila upande una valvu ndogo moja tu, 7199, ambayo ndani ya kioo kimoja ina valvu mbili za aina tofauti, pentodi na triodi. Pentodi inakuza sauti yote, na anodi yake (bati linalotoa sauti iliyokuzwa) imeungwa moja kwa moja kwenye gridi (mlango wa kuingilia) ya triodi, bila kapasita. Triodi hiyo ina rezista ya ohmu 47,000 kwenye anodi na nyingine kama hiyo kwenye kathodi (upande unaotoa elektroni). Kwa kuwa mkondo unaopita ni uleule, sauti mbili zinazotoka zinalingana ukubwa ila zina pande tofauti: moja ikipanda, nyingine inashuka. Zinapita kapasita mbili za mikrofaradi 0.1 na kuingia kwenye gridi za EL34. Basi. Hatua moja ya kapasita, transfoma moja, na mrejesho wa desibeli 20 unatulia.

Mrejesho wenyewe unatoka kwenye tawi la ohmu 16 la transfoma ya sauti, unapita rezista ya ohmu 1,000 na kuangukia ohmu 47 zilizo chini ya kathodi ya 7199. Uwiano wa rezista hizo mbili ndio unaoamua ukubwa wa sauti. Volti 1.3 zikiingia, wati 35 zinatoka kila upande.

Wati hizo 35 zinatokana na jambo lingine. Gridi ya pili ya EL34 haikuungwa kwenye umeme mkuu kama pentodi ya kawaida, wala kwenye anodi kama triodi. Imeungwa kwenye tawi lililochomoza njiani katika waya wa transfoma, kati ya hapo na pale. Mtindo huo, ambao Hafler na Herbert Keroes waliueneza tangu mwaka 1951, unaipa valvu nguvu inayokaribia ya pentodi na usafi unaokaribia wa triodi. Kwa hiyo A-470 si transfoma ya kubadilisha ohmu tu, ni sehemu ya sakiti. Ndiyo sababu transfoma yoyote ya push-pull (ya valvu mbili zinazopokezana) utakayoiokota haiwezi kukaa mahali pake.

Udhaifu upo mahali pamoja. EL34 zinazuiwa zisivute mkondo kupita kiasi na volti hasi ya gridi, yaani bayasi, ambayo inatoka kwenye rektifaya ndogo ya seleniamu (kifaa kinachogeuza AC kuwa DC), kapasita mbili na poti mbili (rezista za kuzungusha). Kisehemu hicho cha bei ndogo kikifa, hakuna kitu kingine cha kuzizuia valvu. Zinavuta hadi anodi zinakuwa nyekundu, na anayelipa ni PA-060. Transfoma hiyo tangu mwanzo haina nafasi ya ziada: waya wake wa volti ya juu umepangiwa miliampea 200, na EL34 nne zikiwa kwenye miliampea 50 kila moja, kama kitabu cha Dynaco kinavyoagiza, tayari ni 200 kabla hujahesabu 7199.

Umeme wa ukutani

Stereo 70 nyingi ziliundwa kwa volti 117 na hezi 60 za Marekani. Angalia waya za PA-060 zinazokwenda kwenye swichi na fyuzi. Zikiwa mbili tu, hiyo ni ya volti 117, na ukiichomeka kwenye 230 za Tanzania au 240 za Kenya inaungua papo hapo.

Wengi huweka transfoma ya kushusha hadi 110 au 120. Inafanya kazi, ila tatizo moja linabaki: hezi zetu ni 50. Kwa volti ileile, chuma cha transfoma kwenye hezi 50 kinabeba sumaku asilimia 20 zaidi kuliko kwenye 60, na PA-060 hupata moto hata huko kwao. Kushusha volti hadi 100 kungeponya chuma, lakini filamenti zinazotaka volti 6.3 zingebaki na 5.4, na kathodi za valvu hazidumu zikichemshwa nusunusu. Ushauri wetu ni huu: kama amplifaya itapigwa kila siku, nunua transfoma mpya iliyotengenezwa kwa vipimo vya PA-060 lakini yenye upande wa 230 au 240 na hezi 50, na uihifadhi ile ya zamani. Kama itapigwa saa mbili tatu Jumapili, transfoma ya kushusha ya wati 500 inatosha, mradi mkondo wa EL34 uushushe kama inavyoelezwa chini.

Waya wa asili una pini mbili, hauna ethi. Weka waya wa pini tatu, na ule wa ethi uukaze kwenye chasisi kwa skrubu yake peke yake, mahali palipokwanguliwa hadi chuma kinang'aa. Ukitumia transfoma ya kushusha, hakikisha ethi inapita moja kwa moja kutoka ukutani hadi kwenye chasisi. Nyingi za bei nafuu zina tundu la ethi ambalo ndani halikuungwa na kitu. Fyuzi ya asili ni ampea 3 ya kuchelewa kukatika kwa volti 117; kwenye 230 inakuwa nusu yake. Usiweke kubwa zaidi kwa sababu "inakatika ovyo". Inakatika kwa sababu kuna tatizo.

Vipuri vya kubadilisha, kwa mpangilio

Anza na bayasi, hata kama inaonekana kufanya kazi. Seleniamu ikizeeka ukinzani wake unapanda, bayasi inapungua polepole, na valvu zinavuta zaidi kila mwezi bila wewe kujua. Itoe na uweke diodi moja ya 1N4007. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: huu ni umeme hasi. Mstari mweupe wa diodi unaelekea kwenye waya wa transfoma wa nyekundu na nyeusi, na upande usio na mstari unaelekea kwenye kapasita. Kapasita nazo zinakaa kinyume na mazoea, yaani mguu wa chanya ndio unaokwenda kwenye chasisi. Za asili ni mikrofaradi 50; weka mbili za 100 zenye volti 100. Ukizigeuza zinavimba, na bayasi inatoweka wakati valvu ziko moto. Poti mbili za ohmu 10,000 zibadilishe pia. Mkono wa poti ukiachia hata sekunde chache, gridi inabaki bila volti hasi.

Pili, kapasita nne za mikrofaradi 0.1, zile zinazopeleka sauti kwenye gridi za EL34. Weka za filamu zenye volti 630. Upande mmoja wa kapasita hizi kuna mamia ya volti chanya, upande wa pili kuna gridi inayotakiwa kuwa hasi, na gridi hiyo imefungwa kwenye bayasi kwa rezista ya ohmu 270,000. Fanya hesabu: kapasita ikivujisha mikroampea 10 tu, gridi inapanda kwa volti 2.7, na EL34 inaongeza takriban miliampea 20. Ndiyo maana kapasita inayoonekana nzima kwenye mita ya kawaida bado inaweza kuua valvu.

Tatu, kapasita kubwa ya kopo yenye sehemu nne ndani: mikrofaradi 30, 20, 20 na 20, volti 525. Iliyozeeka huacha nta au utelezi chini ya kopo. Mbadala wa umbo lilelile unauzwa bado. Usishawishike kuweka sehemu ya kwanza kubwa mno: GZ34, ambayo ni valvu ya rektifaya ya umeme mkuu, inaruhusu mikrofaradi 60 tu mbele yake, zaidi ya hapo kila inapowaka inapitisha mkondo mkali, na siku moja inatoa cheche ndani na kupiga shoti. Wala usiibadilishe GZ34 kwa diodi. Diodi zinatoa volti zote mara moja, EL34 zikiwa bado baridi hazivuti kitu, na volti zinapanda hadi 500 na zaidi juu ya kapasita za 525.

Nne, rezista. Zile za kaboni hupanda thamani kwa miaka na joto. Toa mguu mmoja na upime: nne za 47,000 za kigawa fezi, na katika kila upande mbili zilinganishwe kwa mita hadi tofauti iwe chini ya asilimia 1. Kulingana kwao ni muhimu kuliko thamani yenyewe. Nne za 270,000 za gridi, mbili za 1,000 za mrejesho, na nne za 1,000 zilizo kwenye gridi za EL34. Kisha mbili za ohmu 15.6 zilizo chini ya kathodi. Kila moja inapima mkondo wa EL34 mbili, na ikiwa imepanda hadi 18 kipimo chako chote ni uongo. Ohmu 15.6 hazipatikani dukani. Weka 15 za asilimia 1, wati 2, na uandike hesabu mpya kwa kalamu ndani ya chasisi ili fundi atakayekuja asidanganyike.

Bodi ya sakiti ya asili, PC-3, ni ya kahawia, na chini ya 7199 huwa imeungua hadi nyeusi. Weusi huo ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Ukikwangua na ukakuta nyuzi za bodi zimegeuka masizi, bodi hiyo nunua mpya. Ikiwa imebadilika rangi tu, inafaa, ila pasi yako ya lehemu isikae zaidi ya sekunde tatu mahali pamoja kwa kuwa njia za shaba zinabanduka kirahisi.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Tengeneza kwanza taa ya kinga: balbu ya waya ya wati 100, si LED, iliyoungwa kwa mfululizo na waya wa moto wa umeme unaoingia. Ng'oa valvu zote na uwashe. Balbu inapaswa kumulika kidogo kisha kufifia. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti kwenye transfoma au nyaya zake. Zima hapo hapo.

Balbu ikififia, itoe, washa tena bila valvu, na upime pini 5 ya kila soketi ya EL34 kwa kulinganisha na chasisi. Soma volti hasi kwenye soketi zote nne, na ukizungusha poti ziwe zinapanda na kushuka taratibu bila kurukaruka. EL34 hapa hufanya kazi kwenye takriban volti 30 hadi 40 hasi. Zungusha poti zote hadi mwisho wa hasi kubwa zaidi na uziache hapo. Usiendelee mbele kama soketi moja inasoma sifuri. Hiki ndicho kipimo kinachookoa transfoma kuliko vyote.

Sasa chomeka 7199, EL34 na GZ34. Unga spika usiyoionea uchungu, au bora zaidi rezista ya ohmu 8 ya wati 50, kwenye tawi la ohmu 8 la kila upande. Kamwe usiiwashe amplifaya ya valvu bila mzigo; volti za A-470 zinaweza kuruka ndani na kutoboa uzio wa waya. Mita iweke kati ya pini 8 ya EL34 na chasisi. Zima taa ya chumbani, washa amplifaya, tazama anodi. Bati la kijivu libaki kijivu. Likianza kuonyesha doa jekundu katikati, kama kaa la jiko linapopulizwa, zima bila kungoja kuhakikisha.

Kitabu cha Dynaco kinasema volti 1.56 juu ya ohmu 15.6, yaani miliampea 100 kwa valvu mbili. Sisi tunashauri miliampea 80, ambazo ni volti 1.25 juu ya 15.6 au volti 1.20 juu ya ohmu 15. Kwenye volti 435 hiyo ni kama wati 17 kwa kila valvu, wakati kikomo cha anodi ya EL34 ni wati 25. Usafi wa sauti haupungui kwa kiasi cha kusikika, na transfoma inapumua. Rekebisha baada ya dakika 10, rudia baada ya 30, kisha pima tena baada ya wiki moja ya kupigwa.

Poti ni moja kwa valvu mbili, kwa hiyo nunua EL34 zilizolinganishwa kwa jozi. Zisipolingana, moja inabeba mzigo wa mwenzake, na muungurumo ambao ungefutana ndani ya transfoma unasikika.

Ikikataa

Valvu moja ikiwa nyekundu, zima, ihamishie kwenye soketi ya jirani. Wekundu ukihama nayo, valvu imekufa. Ukibaki kwenye soketi ileile, tafuta kapasita ya 0.1 inayovuja, rezista ya 270,000 iliyokatika, au pini 5 iliyolegea. Mbili za upande mmoja zikiwa nyekundu, ni poti ya upande huo. Nne zote, bayasi yenyewe imekufa.

Amplifaya ikipiga mluzi mkali mara tu inapopata moto baada ya kubadilisha transfoma ya sauti, mrejesho umegeuka: badala ya kupunguza unaongeza. Badilishana waya ya bluu na ya bluu-nyeupe, na pia kijani na kijani-nyeupe. Ukigeuza za anodi bila kugeuza za gridi ya pili, utaharibu zaidi. Sauti ya putu-putu kama injini ya boti inatokana na sehemu moja ya kapasita ya kopo iliyokauka. Muungurumo wa hezi 100 ni wa kapasita za kuchuja au jozi zisizolingana. Wa hezi 50 ni wa ethi, nyaya za kuingiza sauti, au valvu inayovuja kutoka filamenti hadi kathodi. Upande mmoja ukiwa na sauti kubwa kuliko mwingine, pima ile rezista ya mrejesho ya ohmu 1,000 kabla ya kulaumu valvu.

7199 zimekuwa adimu na ghali. 6GH8A na 6U8A zinafanya kazi hiyo vizuri na bei yake ni ndogo, lakini pini zake zimepangwa tofauti. Usizichomeke moja kwa moja. Tumia adapta, au bodi mpya iliyochorwa kwa ajili yake, kisha upime tena volti kwenye kathodi ya kigawa fezi: ziwe karibu sawa pande zote mbili kabla ya kurudisha kifuniko cha matundu juu ya valvu.